Mtende wa Kuazimwa

Juzi nilipita soko la Nizwa, muuzaji akanionjesha tende laini, nusu manjano nusu kahawia. "Rutab ya kwanza hii, mama," akaniambia. Niliila, lakini haikushuka vizuri. Acha nikwambie kwa nini, maana nyumbani kwangu sijapata kulisimulia.

Tulitoka Pemba nikiwa na miaka tisa, tukafikia Ibra. Pemba Bibi alikuwa na shamba la mikarafuu, alilorithi kwa wazee wake waliohama Omani zamani. Sasa tumerudi kwenye asili yetu, hatuna hata mche wa mchicha, na watu wanatuita Wazanjibari. Baba alikwenda Maskati kutafuta kazi. Mimi na Bibi tukabaki katika vyumba viwili vya udongo, karibu na mfereji wa maji wa falaji. Ibra mgeni huwekewa tende na kahawa, na tende zetu zilikuwa za kupewa, sahani kwa sahani. Bibi alikuwa akiona haya kila mlango ukibishwa. "Nguo ya kuazima haisitiri matako," alikuwa akisema.

Jirani yetu, mwanamke mpole, akatupa matunda ya mtende wake mmoja mfupi, ya mwaka mzima. Hatimaye Bibi angekuwa na chake cha kumwekea mgeni. Kiarabu chake kilikuwa cha msahafuni tu, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi, na nilijiona mtu mkubwa. Jirani akasema tuchume siku za rutab. Neno hilo sikulijua. Pemba tende zilitufikia kavu, zimeshindiliwa kwenye makanda. Lakini rutuba, yaani unyevu, nilikuwa naijua.

"Anasema zichumwe zingali na rutuba, Bibi, zisikaukie mtini."

"Ah, kumbe kama karafuu," akasema, akafurahi. Karafuu ikishachanua imeharibika. Tukauchuma mtende wote, tende kijani kibichi, tukaanika jamvini. Bibi akawa anazipindua kwa miguu huku akiimba nyimbo za wachumaji. Siku ya tatu zilikuwa zimesinyaa, kakasi tupu mdomoni.

Jirani alipokuja hakugomba. Aliokota moja, akasema taratibu, "Nilisema rutab," akafinya vidole kuonyesha ulaini. Hapo nikaelewa: rutab ni tende iliyoiva ikalainika mtini, si rutuba.

"Anasemaje?" Bibi akaniuliza.

Niliogopa kunyang'anywa ukalimani wangu. "Anauliza kwa nini tumefanya haraka."

"Mwambie kosa langu mimi. Mwambie mie mtu wa karafuu, tende sizijui."

Nikamwambia hivyo hivyo.

Nyumba zile za udongo zimeporomoka, na wanangu hawajaona karafuu ikiwa mtini. Lakini ninachokililia ni sauti ya Bibi ya kuamrisha shamba zima, ambayo Ibra haikuisikia tena. Tangu siku ile, hata kumwagia maji mche wa mnanaa aliomba ruhusa. Na kila alipoingia mgeni, mpaka alipokufa, aliomba radhi kwanza kwa ujinga wake wa tende, na mimi nikamtafsiria.