Redio Inayomsubiri Rubani

Nilichokiona kwanza kwa fundi redio wa Kasulu ni kwamba huijibu redio. Ni ile kubwa nyeusi aliyouziwa na Mzungu wa kambi ya wakimbizi, inayosaka mawimbi yenyewe hadi inanasa sauti za marubani angani. Inapokea tu, haiwezi kutuma neno. Hata hivyo, kila rubani anapousalimu uwanja wa Kibondo, fundi hupangusa kioo kwa pindo la shati na kusema kwa adabu, "Karibu, mkuu."

Tangu kiangazi anaiuza ili aezeke nyumba kwa bati kabla ya mvua, lakini kila mnunuzi, fundi humwona ana kasoro: huyu ana mikono mizito, yule atasikiliza muziki tu. Leo amekuja Nurudini, mwenye duka Kibondo, fedha mkononi.

"Nifungie, fundi, niwahi gari."

"Utanunuaje redio hujaisikia? Msikie rubani kwanza."

"Mimi nimeridhika!"

"Mimi bado."

Mke wa fundi, Esteri, akaonyesha wingu zito juu ya Heru Juu. "Kwa wingu lile, ndege gani itaruka? Mpe mtu redio yake, baba, tulale pakavu."

Tone la kwanza limeanguka kwenye paa la nyasi. Fundi ameinua kidole kutunyamazisha. Nurudini amevuta kigoda, Esteri amesogeza sufuria panapovuja, na sote tumeinamia redio, tukimsubiri rubani aseme.