Siku Tuliyofunga Ziwa Mara ya Pili

Asubuhi yangu ya kwanza kazini, shefu wa stasheni ya meteo ya Bunia, kituo cha kupima hali ya hewa, hakunipa kiti. Alinipeleka nyuma ya jengo la uwanja wa ndege, kwenye kiwanja cha nyasi fupi kilichozungushiwa waya, akanionyesha kibanda cheupe cha mbao kilichosimama juu ya miguu yake kama mzinga wa nyuki.

"Hii iko nyumba ya hewa," aliniambia. "Jua haiingie, mvua haiingie, hewa tu ndiyo inapita. Weye utafungua mulango, utasoma, utafunga. Na usipumue juu ya kipimajoto! Pumzi yako iko moto. Utaandika joto ya mwili yako, halafu kule Kinshasa watasema Bunia inaungua."

Nilizaliwa Butembo katika familia ya wauza vitenge. Baba alipohamia Bunia kufungua duka, alitegemea mimi, Kavira, binti yake wa kwanza, nisimame nyuma ya meza na kukunja vitambaa. Nilipomwambia nimepata kazi ya kupima hewa, aliuliza kwa upole kama hewa inauzwa kwa mita au kwa kilo. Stasheni nzima mwanamke nilikuwa peke yangu.

Ndani ya kibanda mlikuwa na vipimajoto viwili vilivyosimama pamoja. Kimoja kilikuwa kikavu. Cha pili kilivikwa kitambaa cha pamba kilicholowa maji. Hewa ikiwa kavu, maji ya kile kitambaa hukauka haraka, na kipimajoto chake hushuka chini kabisa ya mwenzake. Hewa ikijaa unyevu, maji hayakauki, na vyote viwili hukaribiana. Shefu alinifundisha kuutazama ule ukaribu kuliko kitu kingine chochote. Jasho la mtu nalo ni kama maji ya kile kitambaa, alisema. Lisipokauka, mwili haupoi. "Joto ya kavu inachokesha mutu. Joto ya maji inamuua." Nilidhani anatia chumvi. Wakati huo nilikuwa sijashuka ziwani.

Baada ya miaka michache walinipeleka Gety, kusini, kusaidia idara ya kilimo. Pale mkubwa wangu alikuwa agronome, mtaalamu wa kilimo, mtu wa maneno machache, aliyetembea na jembe hata siku za mikutano. Wakulima hawakuniuliza kama mvua itanyesha leo. Waliniuliza kama mvua iliyonyesha jana ni ya kweli, kwa sababu kila mwisho wa kiangazi kuna mvua ya uongo inayomshawishi mtu kupanda, kisha inamkimbia na mbegu zinaungua udongoni. Ndipo nilipojifunza kuuheshimu mwanzo wa majira. Ardhi imechomwa na jua wiki nyingi, hewa imebeba moto wote huo, na watu wamekwisha kusahau mvua inafananaje. Ikija ghafula inakuta nguo kambani, mabati hayana misumari, na pirogi, mitumbwi ya kuvukia na kuvulia, zikiwa katikati ya maji. "Mvua ya katikati ya majira watu wanaijua," agronome aliniambia. "Ile ya kwanza ndiyo inazika."

Halafu vita vilikuja, na stasheni ya Bunia ikaibiwa hata mlango wa kibanda. Tuliorudi tulianza upya na ndoo ya kupimia mvua. Polepole vyombo vilirudi. Vikaja na vingine ambavyo shefu wangu wa kwanza hakuviona: kompyuta iliyopokea picha za mawingu kutoka setilaiti, na simu za mkononi. Kwa simu tulijenga mtandao wa watu wa kujitolea waliotuambia hewa ya kwao. Mmoja alikuwa mwalimu wa Bule, juu milimani Djugu. Kijiji chake kilitufaa kuliko vyote, maana mawingu makali yanayoshukia Ziwa Albert mara nyingi yanaanzia milima ile.

Sasa nieleze zile siku mbili.

Ilikuwa mwisho wa Februari. Mvua ilitegemewa Machi, lakini joto lilikuja kabla ya wakati wake na likakaa. Bunia iko juu, usiku tunajifunika blanketi, lakini wiki ile mablanketi yalilala chini. Kasenyi, kule chini ya mteremko kwenye ufuo, hakukulalika kabisa. Wazee na watoto wachanga walifikishwa kituo cha afya wakiwa wamelegea. Nilitazama vile vipimajoto viwili vikikaribiana siku baada ya siku, nikaenda kwa Directeur wa mkoa, mkubwa wangu wa wakati ule. Tukakubaliana: redio itangaze joto la hatari, na mchana pirogi zisivuke, kwa sababu hewa nzito namna ile ikipata nafasi ya kupanda inageuka kuwa dhoruba.

Mkubwa wa bandari alitii, pirogi zikafungwa. Na dhoruba haikuja.

Mawingu yalipanda kweli kutoka Djugu. Lakini hewa ya juu nayo ilikuwa na moto, ikakaa juu ya hewa ya chini kama kifuniko cha sufuria. Mawingu yakagonga kifuniko, yakatawanyika. Jioni mdogo wangu Masika, aliyekuwa akivuka ziwa kwa biashara ya vitenge, alinipigia simu kutoka ufuoni. Huniita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, mumetukosesha soko! Hata tone moja haiko. Unajua watu wanakuita nani hapa? Mama Haikuje."

Asubuhi iliyofuata nilisoma vyombo. Usiku haukupoza kitu. Shinikizo la hewa, yaani uzito wa hewa iliyo juu yetu, lilikuwa limeshuka kuliko jana. Na ramani za hewa ya juu zilizotufikia kwenye kompyuta zilionyesha kwamba kule juu kumeanza kupoa. Kifuniko kilikuwa kimelegea. Nilichukua ramani nikaingia kwa Directeur.

Alizisoma zote, bila haraka, kisha akavua miwani. "Madame, jana tulichekwa. Leo tukikosa tena, hakuna mutu atasikiliza meteo mpaka Pasaka."

"Najua, Shefu."

"Kama mama yako mwenyewe ameshika nafasi ndani ya pirogi ya leo, ungemuacha aende?"

"Hapana."

"Basi andika. Na jina yangu uweke juu ya yako, wakicheka waanze na mimi. Lakini redio ndiyo ilisema jana. Leo waone uso. Shuka wewe mwenyewe."

Nilipanda pikipiki. Kila kona ya ule mteremko tulishuka kama tunaingia ndani ya tanuri, na tulipofika Kasenyi blauzi yangu ilikuwa imenigandia mgongoni. Pale bandarini, mbele ya macho yangu, mama mmoja mbeba samaki alipepesuka na karai lake akaanguka. Hakuwa anatoka jasho tena, ngozi ilikuwa moto na kavu. Nilipiga kelele tumpeleke kivulini. Masika alikuja mbio na kitenge kipya kutoka mzigo wake wa kuuza, akakichovya ziwani, tukamfunika na kumpepea, mtu mwingine akimmwagia maji miguuni. Alipofungua macho tulimpa maji ya sukari na chumvi kidogo kidogo, kisha wanaume wakambeba kwenda kituo cha afya.

Watu walikuwa wametuzunguka. Mkubwa wa bandari, muzee wa kofia ya kijani, alinivuta pembeni.

"Mama, jana nilikusikia. Leo nikifunga tena, hawa watanifukuza. Hebu angalia mbingu. Iko nyeupe."

"Muzee, jana nilikosa. Leo pia naweza kukosa," nilimjibu kwa sauti ili wote wasikie. "Lakini nikikosa, leo mutalala na hasira. Kama nasema kweli na hamukunisikia, mutalala ndani ya maji."

Abiria walianza kunung'unika. Pirogi ya kwanza ilikuwa imekwisha kupakiwa. Ndipo Masika alipokokota mzigo wake kutoka ndani ya ile pirogi, akautupa mchangani na kuukalia.

"Huyu iko yaya yangu," alisema. "Tangu jana namutukana. Lakini mimi siendi."

Mama mmoja akashuka, na mwenzake akamfuata. Pirogi isiyo na akina mama wa biashara haina safari. Muzee akaamuru kamba zifungwe.

Tulingoja. Joto lilizidi, na macho ya watu yalizidi kuwa makali juu yangu. Sitaficha, niliomba Mungu, na sijui kama nilikuwa naomba mvua ije au isije. Kisha simu yangu ikalia. Alikuwa mwalimu wa Bule, na nyuma yake nilisikia kishindo.

"Madame, upepo umegeuka! Iko baridi, iko na vumbi. Watoto nimewaingiza darasani. Wingu iko nyeusi mpaka chini, na kichwa yake imelala kama fuawe ya fundi."

Fuawe, lile chuma bapa la mhunzi! Wingu likipanda hadi lisiweze kupanda tena, kichwa chake hutandazika hivyo, na upepo wake wa baridi huanguka chini na kukimbia mbele ya mvua. Kutoka milima ya Djugu upepo ule huteremka moja kwa moja juu ya ziwa. Nilimwambia muzee awaite wavuvi waliotoka alfajiri. Aligonga rimu ya lori iliyotundikwa mtini, akaigonga mpaka mikono ikachubuka, vijana wakipunga mashati. Pirogi ndogo ndogo zikageuka, moja baada ya nyingine.

Ukuta wa vumbi ulipotokea juu ya mteremko, hakuna aliyeniita Haikuje. Mabati yaliruka kama karatasi. Ziwa lililokuwa kimya likasimama kwa mawimbi, kisha mvua ya mawe ikaja. Ndugu wawili walikuwa bado majini. Tuliona pirogi yao ikinyanyuliwa, ikaanguka na kupasuka, karibu kabisa na ufuo. Wanaume walishikana kwa kamba wakaingia, muzee mwenyewe mbele, kofia imekwisha kupeperushwa. Waliwatoa wote wawili, mmoja mkono umevunjika, mwingine akitapika maji na kulia jina la mama yake.

Ilipotulia, Directeur alinipigia.

"Watu?"

"Wote wako, Shefu."

"Andika nguvu ya upepo na saa iliyofika. Halafu ulie, kama unataka."

Niliandika. Halafu nililia, Masika akiwa amenishika mabega.

Tangu mwaka ule bandari ina bendera nyekundu ya siku za hatari, na vituo vya afya vya ufuoni vinapata habari ya joto kabla halijavifikia. Mimi nikawa shefu wa stasheni, mwanamke wa kwanza kukaa kwenye kile kiti. Nilikosa tena mara nyingine, na ninyi mnaoingia kazi hii mtakosa. Mtabiri hulipwa kusema mapema, na anayesema mapema lazima siku nyingine achekwe. Asiyekubali kuchekwa akauze vitenge, nayo ni kazi nzuri, imenisomesha.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani mtaa wa Ngezi, hapa Bunia. Februari iliyopita, binti aliyechukua nafasi yangu alinipigia simu mapema. Sauti yake ilitetemeka.

"Mama Kavira, joto imepanda sana, lakini picha haziko wazi. Nitangaze ao ningoje?"

Nilitamani sana kumwambia. Nilikuwa nimekwisha kutoka nje, nimenusa upepo, na nilikuwa na jibu langu mdomoni.

"Mutoto yangu," nilisema, "vyombo viko mbele yako. Mimi niko na sufuria ya maharagi. Amua."

Nikakata simu, nikakaa karibu na redio. Wimbo uliokuwa ukipigwa ulikatwa katikati, na nikasikia sauti yake, safi, haitetemeki tena, ikiwaambia watu wa ufuoni wasivuke mchana.

Niliinuka nikatoka kuanua nguo.