Mheshimiwa wa Akonaay na Panzi Wasioruka

Amepona! Vunjajungu wa Akonaay amepona, na juu ya hayo kaota mabawa. Wale waliosema hafiki Jumapili watafute kazi nyingine, utabiri umewashinda.

Sasa turudi nyuma kidogo. Akonaay alikuwa mlinzi wa ghala la mbegu kwenye shamba moja kubwa la ngano la serikali huko Hanang, enzi ambazo simu ya kambi nzima ilikuwa moja, iko ofisini, na ina kufuli. Kijana wa Gitting, miaka ishirini na mbili, mchumba hana, redio hana. Wenzake wakipumzika wanacheza karata, yeye anafuga mdudu. Mdudu wa kijani, mrefu kama kidole, mikono kaikunja kifuani, anakuangalia kama vile umechelewa kazini. Akonaay akamwita Mheshimiwa, maana siku nzima anakaa tu anasubiri kuletewa.

Watu wa kambini walimwogopa. Eti ukimgusa, vyombo vya nyumbani kwako vinavunjika vyote. Akonaay alikuwa na kikombe kimoja cha bati, kwa hiyo hakuwa na wasiwasi.

Na matunzo yake sasa. Mheshimiwa anaishi kwenye kopo kubwa la maziwa ya unga, juu limefunikwa kipande cha chandarua, ndani kuna kijiti cha kuning'inia. Asubuhi Akonaay anachovya suke la ngano kwenye maji, anakung'utia matone juu ya chandarua, kwa sababu Mheshimiwa hanywi kwenye kikombe kama sisi wanyonge. Anakula siku moja, anaruka moja, na chakula lazima kiwe hai. Mabaki ya miguu yanatolewa kwa kijiti. Na chakula chenyewe nacho kina chakula chake: nyenje, wako kwenye debe, wanakula pumba na maganda ya viazi, na magunzi ya kujifichia wanayo. Yaani mlinzi anakula ugali na maharage mwaka mzima, nyenje wanabadilishiwa mboga.

Mwezi wa nne, mvua imekolea, siafu wakahama. Wakapitia kwenye debe. Asubuhi Akonaay kufunua, anakuta miguu tu.

Akaenda jikoni kwa Zita, mpishi wa kambi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mbona sura hiyo, umefiwa?"

"Nyenje wangu wameliwa wote."

"Pole. Matanga siku ngapi?" Zita akaendelea kumenya viazi. "Si kuna panzi pembeni ya shamba? Wamejaa, wala hawaruki. Wamekaa tu kama wanangoja lori."

Mtu mwenye akili hapo angeuliza, panzi gani huyo asiyeruka? Akonaay hakuuliza. Siku mbili kabla, ndege ilipita chini chini ikimwaga dawa ya viwavi, na kambi nzima ilitoka kuipungia mikono, yeye wa kwanza. Basi akaenda akaokota panzi kumi kama anaokota maharage, akarudi anajisifu kwamba siku hizi mkono wake umekuwa mwepesi.

Mheshimiwa akala mmoja, alipofika kifuani akamwacha. Kabla ya saa sita akaanza kutetemeka, miguu ikateleza kwenye kijiti, akaanguka chali. Akonaay akawaangalia wale tisa waliobaki. Wote wamekufa. Ndiyo akaikumbuka ndege.

Joakimu, dereva wa trekta, akachungulia mlangoni.

"Huyo hafiki Jumapili. Nimchimbie kaburi na trekta, au kijiko kinatosha?"

"Niache, Joakimu."

"Au nimwite katekista? Mikono ameshakunja mwenyewe, bado sala tu."

Akonaay hakucheka. Ukweli ni kwamba pale kambini hakuna mwingine aliyekuwa anageuza kichwa yeye akiingia chumbani.

Akawafukia wale panzi kuku wasiwafikie, akaosha kopo mara tatu, akabadilisha chandarua. Kutwa akawa anampa maji, tone moja moja kwenye ncha ya bua. Siku ya tatu Mheshimiwa akasimama. Siku ya tano akapanda kijiti, akaning'inia kichwa chini, hata inzi hataki.

"Ndiyo wanavyokata roho hivyo," Joakimu akatoa taarifa.

Zita alikuja na koleo la mkaa, dhamiri inamsuta. "Mdogo wangu, tumgeuze. Damu itamjaa kichwani."

"Dada, asiguswe. Anajivua ngozi. Ukimgusa sasa ndiyo unamuua."

Akavuta kigoda, akakaa mlangoni na rungu lake la kazini. Asubuhi hiyo ghala la mbegu lililindwa na Mungu.

Mgongo ukapasuka. Mheshimiwa akatoka taratibu, kama mtu anayejivua buti lililonasa kwenye tope. Mabawa yakatoka yamejikunja, yamelowa, halafu yakanyooka. Mguu mmoja wa nyuma ulibaki umepinda, sumu haikuondoka hivi hivi.

"Kumbe alikuwa anabadilisha nguo," Joakimu akasema, akakumbuka ghafla kwamba trekta inamsubiri.

Ila sasa ana njaa, na kila panzi wa karibu amekula dawa. Siku ya mapumziko Akonaay akaomba lifti, kopo mkononi, hadi kwao Gitting.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Miezi mitatu hujatusalimia, leo umekuja na kopo?"

"Mama, hapa mmepulizia dawa?"

"Dawa gani? Hata ya kikohozi hatuna."

Hakuna jibu lililowahi kumfurahisha hivyo. Akaingia kwenye majani, akakimbizana na panzi wenye afya zao, akaanguka mara mbili mbele ya majirani, akapata wanne. Mama yake alisimama na chai mkononi, anatafuta cha kuwaambia majirani.

Akafungua kopo, akamtia mmoja. Mheshimiwa akageuza kichwa, akamwangalia Akonaay kwanza, halafu panzi. Mikono ikakunjuka, akamdaka.

Ukimaliza kusoma, mtumie na mwenzako asome.