Simba wa Jumapili

Hebu jione Jumapili asubuhi katika saluni kule South Beach, ufukweni Durban, ukisubiri zamu pamoja nami. Baharia Mfilipino anaingia mbio na kumwita mwenzake anayenyolewa: "Simba! Simba!" Anaonyesha nje.

Kinyozi wetu, Mkongo, akafunga mlango kwa komeo. "Eish! Simba iko Durban?"

Baharia akakutanisha viganja, akafumba macho. "Simba!"

"Masikini, anasali tayari," akasema mama mmoja aliyepanda juu ya kiti, akamgeukia kinyozi. "Papa, usifungue!"

"Church!" baharia akalia. "Simba is church!"

Kumbe kwa Kisebuano, lugha yao, simba ni kwenda kusali, na meli yao inaondoka mchana. Kinyozi akawapeleka misani mbio, mmoja amenyolewa upande tu.

Tafadhali kumbuka hili moja: neno la nyumbani likitoka kinywani mwa mgeni, nalo ni mgeni. Likaribishe, uliulize habari.