Bastola ya Kupigia Magoti

Nilipiga magoti katikati ya duka la silaha, mbele ya wanaume watatu, bastola tupu ikiwa kiunoni. Muuzaji akaegemea meza yake ya kioo, akaniuliza, "Mama, umedondosha nini?"

"Sijadondosha kitu. Najaribu."

"Wenzako hujaribu kwa kukaa. Unakaa kwenye kiti, kama vile uko ndani ya gari."

"Hao hawana mama mkwe."

Wakacheka wote watatu. Mimi sikucheka. Ile bastola aliyokuwa ameisifia robo saa nzima ilinichoma mbavuni nilipokunja goti, na mpini wake ukaniinulia dera upande mmoja. Nikaichomoa nikamrudishia. Nilikuwa nimetoka Shinyanga alfajiri mpaka Mwanza kwa ajili ya kitu hicho, na kibali changu nilikihangaikia miezi, kuanzia kwa mwenyekiti wa mtaa, kamati hii na kamati ile, mpaka polisi. Utani sikuwa nao.

Mimi ni mnunuzi wa dhahabu. Nina leseni. Naingia machimbo ya vijijini, nje ya Shinyanga, nanunua kwa wachimbaji wadogo pale pale kwenye mashimo yao, kisha napeleka sokoni. Kazi hii ilikuwa ya mume wangu. Aliifanya mpaka siku watu wawili wa pikipiki walipompiga risasi akirudi nyumbani, mchana kweupe. Huu ni mwaka wa nne. Mtoto hatukujaliwa. Katika nyumba yetu ya mtaa wa Kambarage tumebaki mimi na mama yake, na kama kuna mtu ninayeweza kumwita wangu duniani, ni yule bibi.

Siku tuliyomaliza matanga aliniita chumbani kwake. Akasema, "Siku bunduki itakapoingia nyumba hii, iwe ya nani, mimi natoka. Narudi kijijini nikafie huko." Huyu si mtu wa kusema ili asikike tu. Na huko kijijini hana mtu. Ndugu zake wamekwisha, wanawe wote amezika, nyumba ya udongo waliyomwachia ilianguka mvua za mwaka juzi. Akienda, anakwenda kukaa nje.

Sasa nitafanyaje? Pikipiki nyekundu isiyo na namba, watu wawili wamevaa helmeti, iliniandama kutoka machimboni mpaka karibu na lami. Nikajiambia ni woga wangu. Wiki iliyofuata ikaniandama tena. Kesho yake nikaenda kuuliza habari za kibali, na mama mkwe nikamwambia nakwenda kushughulikia leseni. Nilimdanganya, nakiri.

Kwetu Wasukuma mke hawasalimii wazazi wa mumewe huku amesimama. Asubuhi kabla ya kutoka naenda kwenye mkeka wake barazani, napiga magoti, nasema mwangaluka mayu, yaani umeamkaje mama, naye ananiwekea mkono begani na kuniacha hapo mpaka amalize kuniuliza nimeamkaje, kuku wameamkaje, jirani kaamkaje. Jioni nikirudi, ni magoti tena kabla sijatua hata mkoba. Silaha nisiyoweza kupiga nayo magoti haikuwa na faida kwangu, hata kama ingeangusha tembo.

Nilipomweleza hayo pale dukani, muuzaji akawa mtu wa maana. Akatoa ya pili, nyembamba lakini ndefu. Nikapiga magoti, mdomo wake ukagusa paja. Akatoa ya tatu. Fupi, bapa, kingo zake zimesuguliwa zisikwaruze ngozi. Akanieleza ubaya wake bila kuficha: mpini unashikwa kwa vidole viwili tu, inaruka mkononi kuliko ile kubwa, na risasi zake ni chache. "Kubwa ni rahisi kulenga," akasema, "ila kwa joto la kwenu huko utaichukia kwa siku mbili, utaiacha nyumbani. Na ya nyumbani haikusaidii njiani." Akanifundisha pia kwamba jasho linakula chuma, niifute kila siku, na nguo ya rangi moja itachora umbo lake, bora kitenge cha maua makubwa.

Nikapiga magoti, nikasimama, nikapiga tena. Haikuonekana, haikuchoma. Nikaichukua.

Oktoba ya Shinyanga mnaijua. Mvua bado, upepo hakuna, saa tatu asubuhi bati linalia. Watu wanapunguza nguo, mimi naongeza. Nilivaa bastola mbele, chini kidogo ya kitovu, ndani ya mfuko wake wa ngozi, juu yake nikafunga khanga iliyokunjwa mara mbili, juu ya khanga dera la maua. Jasho lilinitoka mpaka likafanya vipele. Nilishindwa kuzuia mkono. Kila gari likipunguza mwendo, mkono wangu uko tumboni. Nilipopiga magoti nilishuka taratibu, goti moja, halafu la pili, nimeshikilia nguzo ya baraza. Wachimbaji hawakujua. Wala sikutaka wajue, maana mnunuzi mwenye silaha wanamkimbia, na mwizi akijua unayo, anaitaka hiyo kwanza.

Siku moja ile pikipiki nyekundu ikatokea mbele, si nyuma. Nilikuwa nimepanda bodaboda ya dereva wangu wa siku zote. Wakageuza, wakaja sambamba na sisi, karibu kiasi kwamba ningeweza kuwagusa. Nikaingiza mkono chini ya khanga. Vile vidole viwili nilivyofundishwa vikakaa mahali pake, nami nikasema moyoni, ee Mungu, kama ni leo basi iwe upesi. Aliyekaa nyuma akainua kioo cha helmeti. Akautazama mkono wangu, akautazama mzunguko wa khanga, akamwambia dereva wangu, "We kaka, endesha polepole. Huoni mama ni mzito?"

Wakavuta mafuta, wakaondoka. Mpaka leo sijui kama walikuwa wezi au watu na safari zao. Tulipofika mjini nikaanza kucheka peke yangu. Nilijisifu. Nimeificha mpaka wananihesabia mimba! Haikunijia kabisa akilini kwamba nyumbani kuna mama mwenye macho, aliyezaa watoto saba.

Mambo yalikuwa yameshaanza, mimi tu sikuyaona. Ndoo ya maji alikuwa hataki tena niinyanyue. Uji wa ulezi nikaukuta umefunikwa kila asubuhi. Siku moja nikakuta pembeni ya bakuli langu udongo wa pemba, ule wanaouza sokoni wajawazito wautafune, umefungwa vizuri kwenye karatasi. Nikadhani ameununua kwa hamu zake mwenyewe akausahau. Nikamrudishia. Akanitazama tumboni, akaupokea.

Jioni ile ile ya bodaboda, jua bado lipo, nikaingia uani nikaenda kwenye mkeka. Nilipoanza kushuka akanizuia kwa mkono.

"Acha kupiga magoti. Kaa."

Nikabaki nimeinama. Hajawahi kuniambia hivyo toka nimeolewa.

"Kaa, mwanangu. Unajiumiza."

Nikakaa. Mpini ukanibana tumboni, nikajinyoosha. Akasogea karibu, akateremsha sauti ili jirani wasisikie.

"Miezi mingapi?"

"Ya nini, mayu?"

"Usinifanye mtoto. Unajifunga khanga kwenye joto hili, unashuka kwa kushika nguzo, mkono hautoki tumboni. Sitakuuliza ni wa nani. Wewe bado kijana, na mwanangu hafufuki." Akafuta macho kwa ncha ya khanga yake. "Watasema. Waache waseme. Atazaliwa hapa, nitamlea mimi mwenyewe. Ila kama ni wa kiume, naomba umpe jina la mwanangu. Hilo tu."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na huruma, na hasira juu yangu mwenyewe, vyote pamoja. Ningeweza kusema mimba imetoka. Nakiri wazo hilo lilipita. Lakini alikuwa ameshanishika mkono, na alikuwa ameanza kutabasamu.

Nikageukia ukutani, nikafungua khanga. Nikatoa risasi, nikaziweka kando. Nikaiweka bastola juu ya mkeka kati yetu.

Aliitazama, wala hakuigusa. Kuku walipita, akawafukuza kwa mguu ili wasiikanyage.

"Bora ingekuwa mimba," akasema.

Nikamweleza kila kitu, pikipiki ile, mara ya kwanza, mara ya pili, mchana wa siku ile. Nikamwambia sitaki afuate maiti mbili kwenye barabara moja. Akainuka kwa kushika nguzo ile ile niliyokuwa nashika mimi, akaingia chumbani, akafunga mlango. Nikasikia kabati likifunguliwa.

Asubuhi nikakuta furushi mlangoni. Vitenge vyake vyote, sufuria yake ndogo, picha ya mume wangu katikati ya nguo. Yeye yuko kwenye mkeka, amevaa viatu vya safari. Nikaenda nikapiga magoti, magoti yote mawili kwa pamoja, bastola ikiwa mahali pake, nikasema mwangaluka mayu.

Hakuitika. Hakuniwekea mkono. Nikabaki pale chini mpaka saruji ikaniuma, nikasema moyoni sitainuka kwanza, yeye ndiye atakayenipita akitaka kwenda.

Halafu mikono yake ikaja kiunoni kwangu. Akapapasa, akaigusa bastola, akasita. Akaifungua khanga yangu, akaikunja upya, akanifunga, akakaza fundo ubavuni badala ya mbele.

"Ulivyofunga inaonekana," akasema. "Nenda. Ukirudi mzima, nitafungua mizigo yangu. Usiporudi, hapa hapatakuwa na mtu wa kukungoja."

Nilikwenda, nikarudi. Akalifungua furushi, akapanga vitenge kabatini. Kesho yake nilipotoka kuoga, nikalikuta limefungwa tena mlangoni. Mpaka leo analifunga kila asubuhi ninapotoka, na kulifungua kila jioni ninaporudi.