"Nimeshiba" ya Mama

Kwetu Bukavu mtu hamalizi kula kwa sababu chakula kimekwisha. Anamaliza kwa kusema. Unatoa mkono kwenye sahani, unasema "nimeshiba", na wenzako wanajua kwamba kilichobaki ni chao. Mama yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, kila siku. Tulikuwa watoto wengi kuzunguka sahani moja ya bugali wa mihogo na bakuli moja la sombe, yaani kisamvu. Yeye alichukua matonge mawili, matatu, akafuta vidole kwenye kitenge, akasema nimeshiba. Sisi tulifurahi na kusogea karibu. Tuliamini kabisa kwamba mama wa watu huzaliwa na tumbo dogo.

Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, hapa Durban, kwenye foleni ya duka la vyakula, toroli langu limejaa hadi juu. Sijui kwa nini ilinijia pale. Niliona vidole vyake vinavyofutwa kwenye kitenge, nikajua kwamba alikuwa anadanganya, miaka yote ile alikuwa anadanganya, na nikaanza kulia mbele ya mwenye kaunta. Dada wa watu aliniuliza kama nimepoteza pesa.

Tangu siku hiyo nilikuwa na hamu moja tu. Nilitaka kuketi na mama kwenye sahani moja, sahani kubwa, tule sote wawili mpaka chakula kitushinde, na akisema nimeshiba iwe kweli. Mimi kwenda kwetu sikuweza, mtu mwenye karatasi za ukimbizi hajipeleki mwenyewe kule alikokimbia. Kwa hiyo ilibidi yeye ndiye aje, na kuja kwake kulichukua miaka.

Wakati nikimngoja, nilikula. Nilikula kama mtu anayelipiza kisasi. Nikituma picha nyumbani, shangazi zangu walipiga vigelegele kwenye simu: umenona, Durban imekupenda! Lakini mimi kazi yangu ni kusuka, nina saluni ndogo mjini na mwenzangu mmoja Mrundi, na kusuka ni kazi ya kusimama. Magoti yalianza kukataa. Kisha ikaja sukari, kisha usiku pumzi ikawa inakatika mpaka mume wangu anaogopa kulala. Daktari alisema kwa mwili ule sitafika mbali, na kwamba kuna upasuaji wa kupunguza tumbo. Mume wangu alikuwa fundi wa malori huko Clairwood, na bima ya kazini kwake ilikubali kulipa. Walinipasua mwaka mmoja kabla ya Kombe la Dunia kuja mjini. Sikufanya ujinga na sijutii. Sukari ilishuka, pumzi ikarudi, nikapanda ngazi za kanisa bila kushika ukuta.

Lakini hakuna aliyeniambia vizuri jinsi maisha yatakavyokuwa baada ya watu kuacha kunipongeza. Au waliniambia, na mimi nilikuwa nasikiliza ile sehemu ya nguo ndogo tu. Mwaka wa kwanza mtu unapungua na kila mmoja anakusifu. Mwaka wa tatu, wa nne, hakuna anayesifu tena, na ndipo tumbo linapoanza kudai. Nikila andazi moja kwa haraka, moyo unakimbia, jasho la baridi linanitoka, na inabidi nikalale kwenye sakafu ya bafuni mpaka lipite. Nikimeza mkate bila kuutafuna ukawa uji, unakwama hapa kifuani na hauendi wala haurudi, mpaka urudi. Damu yangu ikawa nyepesi, nikawa naenda hospitali kutundikiwa chupa ya madini ya chuma. Nyayo zilikuwa zinawaka, nikapewa sindano za kuchomwa maisha yangu yote. Na nywele, jamani, nywele! Msusi mzima, nasuka watu hadi kiunoni, na zangu zinabaki kwenye kitana. Nilivaa wigi na kuwaambia wateja ni tangazo la biashara.

Yote hayo niliyazoea. Kitu ambacho sikuzoea ni kwamba njaa iliondoka. Watu hudhani nilikuwa na njaa ila najizuia. Hapana. Nilikula kwa kutazama saa, kama mtu anayemeza dawa. Nilipita mbele ya wanaochoma nyama barabarani na pua ikanusa, ila tumbo likanyamaza kabisa. Nilikuwa naikumbuka njaa jinsi unavyomkumbuka mtu aliyehama bila kuaga. Nikiwaambia wenzangu, wanacheka, wanasema wao wako tayari kunigawia ya kwao.

Mama alikuja mwaka wa nne baada ya upasuaji, kwa viza ya miezi mitatu. Nilikwenda uwanja wa ndege na mume wangu. Nilimwona anatoka, mdogo kuliko nilivyomwacha, amevaa kitenge cha sherehe, mkononi mfuko unaonuka samaki wakavu. Nikafungua mikono. Akanipita. Alikwenda mpaka kwa mwanamke mmoja mnene aliyekuwa nyuma yangu, mtu asiyemjua kabisa, akamtazama usoni kwa upendo. Ilibidi nimwite. Aligeuka, akanishika mkono juu ya kiwiko, na vidole vyake vikakutana upande wa pili.

"Nani alikufanya hivi?" akauliza. Hata jambo hakusema.

Nilishamweleza kwenye simu mara nyingi. Nikamweleza tena, ndani ya gari, njia nzima mpaka Queensburgh tulikokuwa tunakaa. Mama alisikiliza kwa adabu. Tulipofika akaketi kwenye kochi na kutoa hukumu.

"Munganga anapasuaka mutu mwenye kugonjwa," alisema. "Tumbo yako ilikuwa muzima. Hakuna munganga anakata tumbo muzima. Mwanangu, walikutilia karuho."

Kila mtu wa Kivu anaijua karuho. Ni sumu ya polepole: mtu anakuwekea kwenye kinywaji, nawe unakonda kidogo kidogo, unatapika, nywele zinatoka, watu wanakutazama unaisha. Nikijitazama kwa macho ya mama, nilikuwa na dalili zote. Ndiyo maana kwetu mwenye nyumba anafungua chupa mbele yako na kuonja kwanza. Mama aliianzisha desturi hiyo jikoni kwangu. Alionja maji yangu. Alionja uji wangu. Mwenzangu wa saluni alipoleta juisi, kama alivyozoea kuniletea kila mara, mama alimtazama mpaka yule Mrundi wa watu akaelewa, akanywa nusu glasi mwenyewe, akasema, "Eish, mama, nimebakia muzima, unaona?" Tangu siku hiyo kila alipokuja alikunywa kwanza, kwa mbwembwe, huku amemkodolea mama macho. Mama hakucheka hata siku moja.

Na nikitapika? Mama alifurahi. Waganga wa kwetu wanatibu karuho kwa kumtapisha mtu, basi aliponisikia bafuni alikuja kusimama mlangoni akipiga makofi taratibu. "Iachilie, mama. Iachilie yote. Inatoka!" Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya choo, machozi yananitoka, na nyuma yangu mtu anamshukuru Mungu. Nilikasirika mpaka nikacheka. Hebu jaribu kutapika huku unacheka.

Jumapili ya kwanza alisema atapika yeye. Alikuwa amebeba unga wa mihogo wa kwetu, sambaza, wale dagaa wa ziwani kwetu, na sombe iliyokaushwa. Alisonga bugali akiwa amesimama, miguu imetanuka, sufuria imebanwa, na mgongo wake ulikuwa ule ule. Nyumba nzima ilinukia utoto wangu. Mume wangu na binti yetu nikawapakulia mezani. Mimi na mama nikatutandikia mkeka, nikatoa ile sahani kubwa niliyoinunua zamani kwa ajili ya siku hii na ambayo haikuwahi kutumika. Nilikuwa nimejiandaa. Asubuhi sikula kitu. Nilijiambia, nitakwenda polepole, nitatafuna sana, leo lazima.

Bugali wa mihogo hautafunwi, unamezwa. Unateleza ukiwa mzima, na tumbo lililofanywa kama langu halina mahali pa kuuweka. Tonge la kwanza lilipita, nikatamani kupiga kelele kwa furaha, maana ladha ilikuwa ile ile, haikupungua hata kidogo. La pili likapita. La tatu likasimama kifuani. Nilingoja, nikatabasamu, nikangoja tena. Mama alikuwa ndiyo kwanza anaanza, anakula vizuri, kwa raha, sosi ya sombe inafika hadi kifundo cha mkono. Sahani ilikuwa karibu nzima. Nikatoa mkono. Sikufikiri, nilifuta vidole kwenye kitenge changu.

"Nimeshiba," nikasema.

Mama aliacha kutafuna. Alitazama vidole vyangu, akatazama kitenge. Aliweka tonge lake chini, akainuka kwa shida, akaenda jikoni. Nikasikia anafungua friji. Akafungua kabati la unga, akafunua sufuria moja baada ya nyingine. Kisha akamchungulia binti yangu mezani, akaona sahani yake imejaa. Alirudi akasimama juu yangu, na uso wake sikuwahi kuuona vile.

"Chakula iko," alisema. "Mutoto anakula. Bwana anakula. Unaachia nani?"

"Siachii mtu, mama. Nimeshiba kweli."

"Usinidanganye. Hiyo neno ni yangu."

Lile tonge lilikuwa linarudi. Nilikimbilia bafuni. Safari hii hakupiga makofi. Aliingia, akapiga magoti kando yangu kwenye vigae, akanishika paji la uso kama alivyotushika tulipokuwa na malaria. Lilipotoka, lilikuwa bugali wake mweupe tu, alioupika kwa mikono yake, alioula yeye mwenyewe kwenye sahani hiyo hiyo. Hakuna aliyeweza kuutilia kitu. Alilitazama hilo kwa muda mrefu. Kisha akainua blauzi yangu na kuyaona yale makovu madogo madogo tumboni, akayagusa moja moja.

"Ni kweli walikata," alisema.

"Ni kweli."

"Na njaa? Waliikata pia?"

"Nayo iliondoka."

Alikaa sakafuni, mgongo kwenye beseni. "Njaa!" akasema. "Njaa yenye tulilalaka nayo, yenye tulikimbiaka nayo mu pori, ninyi munaenda kuikatisha ku opitali!" Tukaanza kucheka, sote wawili, mpaka mume wangu akaja kugonga mlango. Halafu mama akaacha kucheka na akaanza kulia, akasema kwamba miaka ile alikuwa anaomba Mungu awaondolee watoto wake njaa, na kwamba labda hakumweleza Mungu vizuri.

Baada ya hapo hakuonja tena chakula changu. Alikuwa akinipikia uji mwepesi na samaki waliopondwa, na alikula nami kwa mwendo wangu. Alijaribu hata kuacha kula nilipoacha, nikamkataza kwa ukali. Nilimwambia hatukufika Durban ili aendelee kudanganya. Miezi mitatu ikaisha. Hatukuimaliza ile sahani hata mara moja, na siku ya kumsindikiza niliiosha na kuirudisha kabatini.

Mwaka uliofuata mambo yalizidi. Hata maji yalianza kukwama. Mlango wa tumbo ulikuwa umesinyaa kwa kovu, na madaktari waliupanua kwa kupuliza kitu kama mpira kupitia kooni. Walirudia, wakarudia. Kila Jumapili mama alipiga simu na kuuliza nimekula nini, nami nikamtajia vijiko. Hakuuliza kama nimeshiba. Neno hilo tuliliacha, kila mmoja kwa heshima ya mwenzake.

Muuguzi aliniambia, mlango ukishakaa sawa, huenda njaa ikarudi, na nikiisikia niende haraka kumwona, maana ndivyo watu wanavyoanza kunenepa tena. Alilisema kama onyo. Niliitikia kwa kichwa, na moyoni nikasema, ije.

Ilikuja 2015, saluni, mchana. Mwenzangu alikuwa amekwenda benki. Nilikuwa namsuka mama mmoja wa Kizulu, nusu ya kichwa bado, na nje mtu alikuwa anachoma mahindi. Kitu kikanguruma. Yule mama akageuza shingo. "Hawu, dada, ni wewe huyo?" akauliza kwa Kiingereza, huku anacheka. Nikashika tumbo. Likanguruma tena, refu, bila haya, na kinywa changu kikajaa mate. Nilimwomba samahani, nikatoka hadi kwenye kibaraza na kitana bado kiko mkononi, nikampigia mama. Haikuwa Jumapili, kwa hiyo aliitika kwa hofu.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa, mama." Nikaketi pale chini. "Mama, nasikia njaa."

 Nikasikia kuku wa jirani yake, nikasikia redio.  Kisha nikasikia kiti kinasukumwa nyuma na mfuniko unafunuliwa, huko Bukavu, mbali kote kule.

"Ngoja kidogo, mama," alisema. "Niweke maji ku moto."