Chungu cha Maji ya Imana

Mama mkwe wangu alihama Bujumbura na godoro moja, sanduku la bati, na chungu kidogo ambacho hakikupikiwa kitu. Godoro lilipakiwa juu ya lori. Chungu alikipakata mwenyewe hadi Kigali, na abiria aliyemwomba akisogeze apate pa kukaa aliambiwa asimame.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka wa tisini na nne, baada ya mauaji yaliyoanza mwezi wa nne. Tulikaa Remera, nyuma ya Gisimenti, katika nyumba isiyo yetu. Ukutani kulikuwa na misumari ya picha, picha hazikuwapo. Bomba lilikuwapo, maji hayakuwapo. Kila asubuhi mume wangu aliteremka bondeni na baiskeli na madumu, akapanga foleni na mji mzima, akarudi saa aijuayo Mungu.

Kutoka kwenye maji hayo, kila jioni, mama mkwe alichota kikombe akaongeza kwenye chungu chake. Ni desturi ya Wanyarwanda wa zamani: mwanamke halali bila kumwekea Imana, yaani Mungu, maji, kwa maana Imana huumba watoto kwa udongo, na udongo mkavu haufinyangiki. Mimi nililelewa Karagwe, upande wa Tanzania, na katekista aliyetufundisha kwamba Mungu haoni kiu. Sasa nilikuwa na mimba kubwa, naoga kwa kitambaa, na Mungu ana chungu kizima. Iliniudhi sana.

"Mama, huyo unayemwekea ndiye aliyeumba bahari," nilimwambia.

Alinijibu kwa Kiswahili chake cha Bujumbura, kwa sababu Kinyarwanda changu kilimchekesha. "Bahari iko mbali, mukazana. Mimi niko na chungu."

Mukazana ni mke wa mwana. Hakuwahi kuniita kingine.

Kila alipomimina alitaja jambo moja. Leo, jinsi alivyovuka mto Akanyaru kukimbilia Burundi akiwa msichana, mgongoni kwa mtu asiyemjua, ambaye hakumwona tena. Kesho, jinsi nyumba yao ilivyoungua ukimbizini, watoto wote wakiwa nje kwa kuwa alikuwa amewafukuza kwa utundu wao. Alisimulia kama mtu anayetaja bei ya vitunguu. Akimaliza alifunika chungu, akaenda kulala na kukoroma. Mimi nilibaki macho.

Niliogopa, na sikuogopa bure. Nilikuwa nimeshazika wawili, wote kabla hawajalia. Huyu alicheza tumboni vizuri, lakini hata wale walicheza. Jioni moja uvumilivu ukaniishia.

"Wanasema Imana hushinda mchana kwingine, akarudi kulala Rwanda," nilimwambia. "Mwezi wa nne alilala wapi? Na siku za wale wangu wawili, alikuwa wapi?"

Nilitegemea anikemee. Akachota kikombe chake kama kila jioni.

"Ya wale wako, sijui," akasema. "Ya mwezi wa nne, sijui. Sitakudanganya. Lakini iko ile najua. Ndo ile nashikilia."

Akamimina, akafunika. Nilikasirika zaidi, maana ningependelea uongo mzuri.

Uchungu ulinianza asubuhi moja mume wangu akiwa bondeni. Mama mkwe alimwita jirani, mwanamke aliyewahi kuwa mkunga. Aliishi peke yake nyumba ya pili; katika watu wake hakubaki hata mmoja. Alikuja na wembe mpya na uzi. Hakuwa msemaji. Aliuliza kitu kimoja tu, maji yako wapi.

Maji yalikuwa kwenye maharage. Dumu la mwisho lilikuwa limeishia humo, na mtoto haoshwi kwa mchuzi.

Mama mkwe akatoka, akarudi na chungu, akamimina yote kwenye sufuria na kuinjika.

"Yale ya Imana?" nikauliza, uchungu umenibana.

"Wewe ulizani inakunywa?" akasema, akachochea moto.

Mtoto alitoka kimya. Nilikuwa naujua ukimya ule. Jirani akachovya kitambaa kwenye maji, akamsugua mgongo, akamgeuza, akamsugua tena. Mama mkwe alisimama na sufuria, midomo ikimcheza, anayataja yale yake ya kila jioni. Ndipo mtoto akalia, kwa hasira, kama mtu aliyekatizwa usingizi. Nikalia na mimi. Jirani naye alilia, na sikumwuliza anamlilia nani.

Mume wangu aliingia na madumu yamejaa, akakuta nyumba nzima inalia, akadhani ya kudhani. Akakaa chini pale mlangoni. Mama yake akamwambia ni msichana, na ainuke akaepue maharage, yanaungua.

Jioni ile mama mkwe alilala mapema, mtoto kifuani. Chungu kilikuwa kimefudikizwa kando ya mlango, kikavu. Niliinuka nimeshika ukuta, nikakigeuza, nikachota kikombe na kumimina. Nilijua ni lazima nitaje kitu. Sikuwa na mto wala nyumba iliyoungua.

"Leo maji yalikuwapo," nikasema, nikafunika.

Ya wale wawili sijui mpaka leo. Huyu alilia.